Kasha la Termostati

Bukavu, mota ya dizeli haihesabiwi kuwa yetu mpaka kwanza itolewe termostati. Ni kama ubatizo. Mota inafika kutoka ng'ambo ikiwa imetumika miaka mingi katika nchi za watu, fundi anaizunguka mara mbili, anafungua boliti mbili juu ya kichwa chake, anachomoa kile kidude cha shaba chenye springi ambacho kazi yake ni kuyazuia maji yasikimbilie kwenye radieta kabla mota haijapata moto, anakirusha kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kisha anatamka maneno ambayo nimeyasikia kwa mafundi wasiojuana hata kidogo: "Hii ni ya Bulaya, kwa batu ba baridi. Huku kwetu jua inatosha."

Anayasema hayo akiwa amevaa koti. Mji wetu uko juu, kando ya ziwa, na asubuhi nyingi ukungu unatufuata mpaka mlangoni. Lakini Bulaya ni Bulaya, na jua ni letu.

Dada yangu mkubwa, ambaye mimi na mtaa mzima tunamwita yaya, ana mashine ya kusaga unga upande wa Kadutu. Mihogo mikavu inashuka kutoka Walungu, akina mama wanapanga beseni zao kwa foleni, mashine inanguruma, unga unatoka. Mume wake alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, na mpaka leo ametuma salamu nyingi. Kinacholisha watoto wanne na kuwaweka shuleni ni mashine ile, hakuna kingine. Inazungushwa na mota ndogo ya silinda mbili iliyokuwa ikisukuma boti huko Idjwi, hadi boti likaoza na mota ikabaki. Ilikuwa mota yenye nguvu. Ilikuwa pia na moshi.

Moshi wenyewe ulikuwa mweupe, mzito, wenye harufu ya mazuti, yaani mafuta ya dizeli, na haukuwa na haraka. Ulitoka kwenye bomba, ukapita juu ya nguo za jirani zilizoanikwa, ukaingia katika darasa la chekechea, ukasikiliza kidogo, kisha ukarudi kukaa ndani ya unga. Kulikuwa na familia zilizokwisha kuzoea. Mama mmoja aliniambia kwamba fufu ya unga wa kwingine inamwacha na njaa.

Wengine hawakuzoea, na Jumatano moja barua ikafika. Ilikuwa na mihuri mitatu. Ilisema kwamba Jumanne inayofuata, saa tatu asubuhi, shefu wa mtaa na ajenti wa mazingira wangekuja kuiwasha mashine mbele ya mashahidi. Ikitoa moshi, mlango ungefungwa na kupigwa sili ya serikali siku hiyohiyo, na kuufungua tena kungehitaji kibali ambacho hakuna mtu mtaani aliyewahi kukiona kwa macho.

Yaya akaniita. Mimi kazi yangu ni kuandika ripoti: nani alisema nini, saa ngapi, mbele ya nani. Kuhusu mota najua tu kwamba zinapiga kelele.

"Yaya, mi si fundi," nikamwambia.

"Bafundi njo biko mingi," akasema. "Weye uko na kalamu. Andika kila mutu anasema nini. Halafu tutaona nani njo muongo."

Basi nikaandika. Mpaka Alhamisi mchana nilikuwa na maoni ya kutosha kuendesha semina. Mmoja alisema kosa ni maji ya bomba, tuweke ya mvua. Mwingine alisema mota iliyotoka ziwani ina kilio chake, iombewe. Shauri lililopata watetezi wengi kuliko yote lilikuwa kurefusha bomba la moshi kwa mita sita ili moshi uangukie avenyu ya pili, ambako hakuna mtu wa kwetu. Nikaambiwa kwa siri kwamba hata shefu wa mtaa aliliona kuwa na busara, kwa sababu avenyu ya pili ina shefu mwingine.

Mekano wa yaya, aliyeitunza mota hiyo tangu iliposhuka kutoka botini, alishauri kubadilisha sindano za mazuti, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya mota. Alikuwa amekwisha kuzibadilisha mara mbili. Ni mtu mwema, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kutuliza, na sijawahi kusikia kwamba alishindwa na mota. Ni mota ndizo zinazomshinda yeye, na anazitaja moja moja kwa jina la kiwanda, kama mwalimu anavyotaja watoto wakaidi.

Mtu wa mwisho kutoa maoni hakuwa amekuja kutoa maoni. Alikuja na beseni la mahindi ya mke wake. Ni muzee mwenye mashine ya kukereza vyuma, ile tunayoiita tur. Aliifanyia kazi miaka mingi katika kiwanda ambacho leo ni ukumbi wa harusi. Kiwanda kilipokufa, tur ikabaki mikononi mwake. Akiwa anangoja zamu, aliweka kiganja juu ya kichwa cha mota. Akakiacha pale. Mota ilikuwa inaunguruma.

"Maman, umeiwasha saa ngapi?"

"Tangu saa mbili, papa."

"Sasa ni saa tano." Akageuza kiganja, akaweka upande wa pili. "Masaa tatu ya kazi, na mi naishika kama mutoto wangu. Mota ya muzima inachoma mukono. Termostati iko wapi?"

Mekano, aliyekuwa akifuta sindano kuukuu kwa kitambaa, akacheka. "Muzee, ile kitu nilitosha, nikatupa tangu zamani. Huku si Bulaya."

"Na mazuti, ulipika wapi?"

"Kupika namna gani?"

"Mota ya baridi haimalizi chakula yake," muzee akasema, akimwangalia yaya na si mekano. "Yenye inabakisha njo inatema. Ule moshi yote, maman, ni mazuti yako yenye haikuungua. Unanunua, unatupa kwa nguo ya jirani."

Yaya akanigeukia. "Umeandika?"

Nilikuwa nimeandika.

Ikabaki kurudisha kile kidude. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna mahali pa kukirudisha. Juu ya kichwa cha mota, pale maji ya moto yanapotokea kwenda kwenye radieta, panapaswa kuwa na kasha: kikombe kidogo cha alumini chenye ngazi ndani ambapo termostati inakaa, na shingo juu yake ambapo mpira unavishwa. Kasha la asili lilikuwa limeliwa na maji. Mahali pake mekano alichomelea kipande cha bomba juu ya bamba la chuma, kazi nzuri ya kuchomelea, iliyonyooka, isiyo na nafasi ya kitu chochote ndani.

Kasha la mota ile halikuuzwa Bukavu. Wauza vipuri wawili walitueleza kwamba halijawahi kutengenezwa. Muzee akasema atalikereza mwenyewe, lakini termostati kwanza. Akatoa chini ya meza yake kopo la maziwa lililojaa termostati za kila ukubwa. Aliziokota miaka mingi kwenye ndoo za mafundi.

"Beye banatupa, mi naokota," akasema. "Hata mutu mumoja hajakuja kuuliza."

Siku hiyohiyo tulizipima jikoni kwa yaya. Tulizifunga tisa kwa uzi, tukazining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya makaa, nasi tukainama kuzitazama. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akasimama mlangoni.

"Leo munapika nini?"

"Biuma," yaya akamjibu bila kuinua kichwa. "Rudi kwa saa saba, vitakuwa vimeiva."

Tano hazikusogea hata maji yalipotokota. Tatu zilifunguka, zikakataa kufunga. Moja, iliyotoka kwenye basi dogo, ilikaa kimya mpaka maji yakaribie kuchemka, ikafunguka polepole kama jicho la mtu anayeamka, na tulipoitoa ikafunga tena. Muzee akaibusu. Lakini ilikuwa pana kuliko tundu la mota yetu. Kwa hiyo kasha lenyewe lingekuwa la aina ambayo haipo duniani: chini litoshee boliti mbili za mota ya boti, ndani ngazi itoshee termostati ya basi, juu shingo itoshee mpira wa radieta ya gari la tatu.

Mekano akakubali kuchukua vipimo. Ni lazima niseme kwamba alivichukua vizuri. Alipaka grisi kwenye uso wa mota, akabandika kipande cha kartoni, akakikandamiza kwa dole gumba, na alipokibandua tundu la maji na matundu ya boliti yalikuwa yamechorwa juu yake wazi kama muhuri. "Mi si mupinzani," akasema akinikabidhi. "Andika vile: mekano si mupinzani."

Ijumaa tulipeleka pistoni kuukuu kwa wale wanaotengeneza sufuria. Waliziyeyusha, wakamimina kwenye udongo, tukarudi na bonge la alumini lenye sura ya andazi. Jumamosi hapakuwa na umeme. Muzee alikaa siku nzima kwenye kiti mbele ya tur, andazi likiwa limebanwa tayari, akiangalia balbu juu yake. Yaya alipita mara nne. Mara ya nne alisimama tu mlangoni na kuangalia balbu pamoja naye.

Jumapili tulikwenda misa ya pili. Padri alikuwa anahubiri juu ya uvumilivu, akiwa ameufikisha pazuri, taa iliyo juu ya altare ikawaka. Kanisa zima likaiona. Mwanamume mmoja anayechomelea milango akajipiga alama ya msalaba na kutoka. Akafuata kinyozi mmoja. Muzee alipiga goti kwa heshima zote, kama anakwenda kupokea komunyo, kisha akageukia mlango. Yaya akanikanyaga mguu. Padri, ambaye anaijua parokia yake, alipandisha sauti na kuufupisha uvumilivu.

Tur ilikuwa inazunguka tulipofika. Muzee alikuwa na shati lake la kanisani, mikono imekunjwa. Kwanza alisawazisha uso wa chini. Kisha akachimba ndani, akasimamisha mashine, akapima kwa kile kipimo chenye meno mawili, akachimba tena unene wa ukucha, akapima. Kila mara alipima mara tatu, na mara ya tatu alifumba jicho moja. Mabaki ya alumini yalikuwa yanadondoka kama nywele za mzungu. Alipoiweka termostati kwenye ngazi yake ilishuka bila kusukumwa, ikakaa, haikucheza.

"Na ile kitobo kidogo?" yaya akauliza alipomwona akitoboa ukingo wa termostati kwa keekee nyembamba.

"Juu ya hewa. Hewa ikinasa chini yake, maji ya moto haitaifikia. Italala, na mota itaungua kweli. Halafu batasema muzee njo aliua mota."

Saa nane umeme ukaondoka. Ilibaki kuilainisha shingo ambapo mpira unavaa. Muzee hakulaani. Aliunyoosha mkanda wa tur, akampa yaya upande mmoja na mimi upande mwingine, tukauvuta kwa mikono kama watu wanaoteka maji kisimani, naye akashika tupa juu ya shingo inayozunguka. Yaya alikuwa na kitenge chake cha misa. Alivuta kwa nguvu kuliko mimi, na alinijulisha hilo.

Jumatatu asubuhi muzee alileta kasha na termostati ndani ya kitambaa, akitaka kuvifunga mwenyewe. Mekano akasimama mbele ya mota.

"Muzee, heshima yako iko pale pale. Lakini mota ni mugonjwa wangu. Weye umeshona nguo, mi njo namuvalisha."

Muzee akacheka, akampa, akarudi kwa kazi zake. Mekano alifunga kasha vizuri sana. Alikata karatasi ya kuzuia maji kutoka boksi la sabuni, akaipaka grisi, akakaza boliti kidogo hii kidogo ile, akajaza maji. Hakuna tone lililovuja. Watu watatu walipita kulisifu kasha. Lilikuwa linang'aa juu ya mota nyeusi kama jino la dhahabu.

Kisha tukawasha. Baada ya nusu saa moshi ulikuwa uleule, mweupe, hauna haraka, unakwenda chekechea.

Yaya alikaa juu ya gunia tupu, akaanza kukung'uta unga kwenye mikono yake, na akaendelea kuukung'uta hata ulipokuwa umekwisha. "Kesho saa tatu," akasema hatimaye, si kwa mtu yeyote.

Mekano alikuwa na huzuni ya kweli. "Nilisema," akaninong'oneza. "Ni sindano. Andika vile nilisema."

Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, niliandika kila nilichoweza kugusa. Niligusa mpira wa juu, ule unaotoka kwenye kasha kwenda radieta, na kuandika saa. Saa kumi na moja nikampelekea muzee daftari. Akalisoma akiwa amesimama, akauliza swali moja.

"Mupira ya juu ilianza kupata moto dakika ya ngapi?"

"Ilikuwa vuguvugu tangu dakika ya pili. Haikuzidi pale."

Akafunga daftari. "Kama mulango umefungwa, mutu hawezi kupita. Maji inapita tangu dakika ya pili. Kwa hiyo mulango hauko. Kesho saa moja nitakuwa kwa maman."

Saa moja na robo alikuwa amekwisha kulifungua kasha. Ngazi aliyoichimba kwa jicho moja ilikuwa mahali pake, safi, na juu yake hapakuwa na kitu.

Sote tukamwangalia mekano. Mekano akaangalia ziwa. Halafu, polepole, akafungua mfuko wa kifuani wa ovaroli yake, akatoa kalamu, akatoa sindano, akatoa termostati.

"Nilifanya juu ya usalama," akasema.

"Usalama ya nani?" Yaya alikuwa amesimama.

"Ya mota, maman! Kile kitu kikikwama, mota inaungua, na nani batasema? Mekano! Miaka makumi mbili natosha bile bitu, hata mota moja haijaungua. Moshi, ndiyo. Kuungua, apana!"

"Kwa nini haukusema jana? Uliniona vile nilikaa kwa gunia."

"Nilifikiri kasha itasaidia yenyewe," mekano akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa mupya."

Nimeandika ripoti nyingi maishani mwangu, na hayo ndiyo maelezo ya kweli zaidi niliyowahi kuyasikia kuhusu miradi.

Yaya hakupaza sauti. "Papa, kesho watoto wangu watakula usalama yako? Rudisha ile kitu. Mi mwenyewe nitaangalia vidole yako."

Akairudisha, muzee upande mmoja na yaya upande mwingine. Walikuwa wanamimina maji wageni walipotokea kona: shefu wa mtaa mbele, ajenti wa mazingira nyuma yake, na faili chini ya kwapa. Mashahidi hawakuhitaji kuitwa, walikuwa foleni nzima na beseni zao.

Ajenti alifungua faili. Karatasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Alieleza kwamba aliijaza jana ofisini ili asitupotezee muda.

Mota ikawashwa. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe.

"Moshi iko," ajenti akasema, akatafuta sili mfukoni.

"Bashefu, ngojeni kidogo," yaya akasema. "Inaamuka tu."

"Maman, mi sikutumwa kuona mota inaamuka."

"Na weye, asubuhi kabla ya kunawa, unakuwaga vile uko sasa?" mama mmoja akauliza kutoka foleni. Wengine wakapiga makofi. Shefu wa mtaa, ambaye ni mtu wa kuchaguliwa, akacheka kwanza, kisha akaomba utulivu.

Yaya akamimina mihogo ili mota ipate mzigo. Muzee alishika mpira wa juu kama daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa. Mimi nilishika saa. Dakika ya tano mpira ulikuwa baridi. Dakika ya nane ulikuwa baridi, na mekano alikuwa akiomba, sijui akiomba nini. Ajenti alikuwa amepata sili. Dakika ya kumi na moja muzee akaondoa mkono ghafla na kuupuliza.

"Imefunguka," akasema.

Moshi haukukatika mara moja. Ulipungua, ukawa kama pumzi ya mtu asubuhi, ukawa mtetemo tu wa hewa juu ya bomba, na nyuma ya mtetemo huo tukaiona nguo ya jirani, nyekundu, ambayo siku zote niliidhani ya waridi. Ajenti akasogea. Akainama, akanusa. Akaweka karatasi yake nyeupe mbele ya bomba, akahesabu, akaitazama pande mbili. Ilikuwa nyeupe, ila pale palipoandikwa kwa wino: *Moshi: upo.*

Hapo ndipo matatizo ya kweli yalipoanza. Karatasi ilikuwa moja. Ilikuwa imegongwa muhuri, na kilichogongwa muhuri hakifutwi. Ajenti na shefu walijitenga kando ya ukuta, wakanong'ona muda mrefu kuliko uliohitajiwa na mota kupata moto. Waliporudi, ajenti alikuwa ameongeza mstari kwa mwandiko mzuri sana: *Moshi: upo, ila kwa leo haukuonekana.* Na chini, kwenye uamuzi, palipoandikwa *mashine ifungwe*, aliongeza: *siku moshi utakapoonekana.*

Mashahidi wakatia saini. Mekano alitia ya kwanza, na mbele ya jina lake akaandika "mtaalamu wa termostati". Muzee hakutia saini kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi, na kwa sababu hakuna aliyemwomba.

Wageni walipokwenda, yaya aliisoma karatasi ile mara mbili, akanipa.

"Weye unajua maandishi. Hii inasema wamefunga ao hawakufunga?"

"Hawakufunga, yaya."

"Kweli?"

"Kweli."

Aliangalia bomba, akaangalia mota, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge na kuacha unga shavuni. Kisha akageukia foleni.

"Nani anafuata? Mulete beseni, mota iko moto!"